Wingu la Msiba

Mteremko wa Kishoka ulifunguliwa saa mbili kasoro dakika tano, asubuhi ya Ijumaa, na aliyeufungua ni Aikande Mtui kwa kidole chake mwenyewe. Mashine ilisema kijani. Yeye akabonyeza njano, akavuta kikombe chake karibu na kuinywa chai haraka, maana huku juu chai hupoa kabla hujamaliza kuikorogea sukari.

Kijani maana yake watu wateleze watakavyo. Njano maana yake wateleze kwa vikundi, wakiongozwa, na wasithubutu kuingia Bakulini. Nyekundu maana yake hakuna anayeteleza: king'ora kinalia hadi mabondeni, na viti vya kamba vinageuzwa kushusha watu badala ya kuwapandisha. Mashine yenyewe waliiita Mizani. Ilipokea baridi, jua, upepo na unene wa theluji, ikapiga hesabu, ikatoa rangi. Mpima theluji alipewa ruhusa moja tu juu yake. Kila asubuhi aliweza kuishusha rangi hatua moja bila kuulizwa kwa nini. Waliotunga kanuni walijua kwamba binadamu hulala vibaya na kuamka na wasiwasi, wakaona si vibaya wasiwasi huo nao ukapewa nafasi yake ndogo. Hatua ya pili ilidai sababu, na sababu ilidai ushahidi.

Aikande alikuwa na sababu ya hatua yake ya kwanza. Hakuwa na nia ya kumwambia mtu.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mfupi, mwenye macho yaliyokunjamana pembeni kwa kuangalia weupe, na alikuwa ameisoma theluji ya Kibo kwa miaka kumi na sita. Aliijua kama mama mkwe anavyozijua dosari za mkaza mwana. Wiki mbili za usiku mkavu wa mwezi wa saba zilikuwa zimeacha tabaka baya kule juu Bakulini, kwenye shimo pana la mlima lililoinamia mteremko. Lilikuwa tabaka la punje kavu, kama sukari iliyomwagwa mezani, zisizoshikana wala kushika kitu. Juu ya tabaka kama hilo unaweza kurundika theluji mpya hadi sentimita sabini, ikakaa. Ukizidisha, siku jua likiigusa, Bakuli lote linamwagika, na kilichoko chini yake ni mteremko wenyewe, na watu.

Daftari la Mawingu lilisema Bakuli lilipokea sentimita arobaini. Aikande alijua ni sitini. Kwa sitini, njano inatosha. Kwa hiyo alikuwa amefanya hesabu yake kichwani, akatumia hatua yake moja, na dhamiri yake ilikuwa safi.

Unaweza kuuliza, kwa nini wasipime theluji wakaona? Chini, njiani mwa watelezaji, walipima. Lakini kule Bakulini nguzo za vipimo zilivunjwa na upepo misimu miwili nyuma, na hakuna aliyeona haraka ya kuzirudisha. Barafu ya zamani ya mlima ilikwisha zamani. Theluji hii ya sasa ilikuwa ya kufanywa. Matiara makubwa ya kitambaa yalirushwa yakapenya mawinguni, yakanyunyiza chachu, wingu likaganda na kuanguka pale lilipotakiwa. Kijiji kikirusha matiara yake, kinapata mvua. Kikiyashusha, wingu linapita juu yake na kupanda hadi kwa matiara ya mlimani, linakuwa theluji. Kila wingu lililomwagwa liliandikwa na mtu wa zamu kwenye Daftari, nalo Daftari lilikuwa sahihi miaka yote. Kwa nini upime kitu ulichokimwaga mwenyewe?

Redioni, Ndetaramo Kiwia, mkuu wa waokoaji, alikuwa amesikia rangi ya siku akacheka kidogo. "Njano nzuri hiyo, dada Aika," alisema. "Umefikiri vizuri."

"Nawe pia," alijibu Aikande, akiamini kwamba Taramo amejua, kwa njia zake, juu ya wingu la Jumanne. Taramo alikuwa mtu wa kijiji cha Lyaseni kama yeye. Watu wa Lyaseni hawahitaji kuambiana kila kitu, na huo ndio ugonjwa wao.

*

Simu iliita saa mbili na dakika arobaini. Ilikuwa ya Elinaike, mke wa kaka yake, katibu wa kamati ya mawingu ya kijiji.

"Wifi, umeamkaje?"

"Salama, wifi. Poleni tena na msiba."

"Tumeshapoa. Ningekupigia jana, ila nilikuwa nimezama kwenye vyombo vya watu mpaka kiunoni, sufuria kumi na moja hazijulikani za nani. Nimesema leo lazima nikushukuru. Mama Ndeanka amelala kwenye udongo mkavu, wifi. Yule mama ndiye aliyeshona tiara la kwanza la kijiji hiki. Ingekuwa aibu kumzika kwenye tope. Siku mbili nzima turubai halikuguswa na tone."

Aikande alikuwa ameanza kutabasamu. "Siku mbili?"

"Jumanne na Jumatano."

"Jumanne ndiyo mliyoniomba."

"Jumanne tulikuomba wewe. Halafu si yule mwanawe wa Mombasa akachelewa, tukayasogeza mazishi? Jumatano ulikuwa mapumziko, nikajua uko njiani unakuja huku kumenya ndizi. Nikampigia Taramo, yeye ndiye aliyekaa zamu yako. Hana maneno yule. Alisema tu, 'Shusheni matiara yenu, wacha lije.'"

Macho ya Aikande yalikuwa yamehamia dirishani, juu, kwenye Bakuli. Lilikuwa limefunikwa na ukungu tangu Jumanne, na leo ndiyo mara ya kwanza kuonekana. Lilikuwa jeupe, zuri, limejaa. Lakini weupe juu ya weupe hauna kimo. Jicho haliwezi kukuambia kama ni sitini au themanini.

"Wifi? Uko?"

"Niko. Nitakupigia."

Alikata simu, na kitu cha kwanza alichohisi kilikuwa aibu. Jumatano hiyo alifika kijijini saa saba mchana, zamu ya kijiji ikiwa imekwisha, akakaa chini ya turubai na kumenya ndizi hadi jioni. Viatu vyake vilirudi na vumbi. Vumbi, siku ya mvua ya kijiji! Yeye ambaye kazi yake ni kujua lililoanguka na lilipoanguka alikung'uta viatu vyake mlangoni, akaingia kulala.

Desturi ilikuwa hivi. Watu wa Lyaseni huandika kila kitu cha msiba: nani kaleta mkungu, nani kaleta maziwa, nani kaazima viti na vingapi vilirudi vizima. Wingu peke yake haliandikwi. Tangu enzi za mifereji ya mababu, maji ya aliyefiwa yalivuka kwa jirani kimya kimya ili nyumba ya matanga ibaki kavu, na yakarudishwa kimya kimya baadaye. Kuyaandika kungekuwa kumwambia mfiwa kwamba unamhesabia. Tenda wema uende zako. Mifereji ilipogeuka mawingu, desturi ilipanda nayo angani, na ofisi nzima ya mlimani, yaani wale watu watano wa Lyaseni waliofanya kazi pale, waliifuata bila kuipigia kura.

Ubaya wa wema usioandikwa ni kwamba haujui umefanywa mara ngapi. Aikande alijua wingu moja la ziada. Taramo alijua wingu moja la ziada. Kila mmoja aliongeza sentimita ishirini zake kichwani na kupata sitini. Na Taramo aliposikia njano badala ya kijani, bila shaka alisema moyoni: ahaa, dada Aika amelisikia wingu langu, amenishushia.

Alifungua ukurasa wa majaribio wa Mizani, ule ambao hautoi amri yoyote, akaandika unene wa Bakuli: themanini. Mizani ilifikiri. Kisha ikaandika kwamba jua litaingia Bakulini saa tatu na robo, likitokea nyuma ya Mawenzi. Uwezekano wa maporomoko kuanzia hapo hadi saa sita mchana: saba kwa kumi.

Saa ya ukutani ilikuwa saa mbili na dakika arobaini na tisa.

*

"Taramo, uko wapi?"

"Kituo cha juu, dada. Niko na wale wauguzi wastaafu wa Tanga, kumi na mmoja, na wanapiga picha mpaka na kofia yangu. Wakimaliza nawashusha."

"Usiwashushe. Nenda kando, nataka kusema nawe peke yako."

Ulisikika mlio wa buti zikikanyaga theluji, kisha upepo kidogo. "Haya."

"Jumatano ulipokea wingu la msiba."

Halikuwa jambo la kutajwa kwa sauti, sembuse redioni. "Ndiyo," alisema mwishowe. "Nilidhani unajua. Si ndiyo maana ya njano?"

"Njano ilikuwa ya wingu langu. La Jumanne."

Alimsikia akivuta pumzi. Taramo alikuwa amefukua watu watatu kutoka kwenye theluji katika maisha yake, mmoja wao akiwa hai. Hakuhitaji kufanyiwa hesabu. "Themanini," alisema. "Na kule chini kuna ile sukari."

"Rudisheni watu kituoni. Asisogee mtu ukingoni."

"Geuza viti tuwashushe, basi. Bakuli likikatika, kituo hiki nacho hakiko salama."

"Viti havigeuki bila nyekundu. Nami hatua yangu nimeshaitumia."

Alimpigia meneja. Bi Tunu Mwinyikombo alikuwa mwanamke mwadilifu wa Bagamoyo ambaye aliichukia baridi kwa moyo wake wote na alifanya kazi akiwa na blanketi mapajani. Alisikiliza bila kumkatiza.

"Unataka niufunge Kishoka," alisema.

"Sasa hivi."

"Kwa sababu gani, Aikande? Nikifunga, Ofisi ya Mawingu inapata taarifa papo hapo, na wataniuliza mimi. Mizani inasema kijani. Wewe umeshaishusha. Nipe kitu cha kuandika."

"Siwezi kukupa."

"Huna, au huwezi?"

Aikande alikaa kimya, na Bi Tunu, ambaye hakuwa mjinga, alikielewa kimya hicho nusunusu. "Sikiliza, mwenzangu. Naweza kuvisimamisha viti dakika kumi. Nitasema kuna hitilafu ya umeme, hizo hutokea. Watu wasizidi kupanda. Lakini dakika kumi zikipita vitawaka vyenyewe, na hapo sina ujanja. Tafuta sababu yako."

Viti vilisimama vikiningʼinia angani, vitupu kwa bahati. Saa mbili na dakika hamsini na tatu.

Alijaribu uongo, na tusijifanye tungekuwa bora kuliko yeye. Aliandika kwenye kisanduku cha sababu: upepo mkali. Mizani ikajibu kwamba upepo ni kilomita sita kwa saa na sababu imekataliwa. Akaandika: nyufa zimeonekana. Mizani ikaomba picha. Njia zilizobaki zilikuwa mbili tu. Ya kwanza ilikuwa shimo: mtu ashuke Bakulini na koleo, achimbe hadi kwenye sukari, apige picha ya tabaka lenye kipimo pembeni yake. Ya pili ilikuwa Daftari.

Daftari lingekubali masahihisho mara moja. Ungeandika tu: Jumanne, wingu la Lyaseni, Jumatano, wingu la Lyaseni. Sekunde ishirini za kazi. Lakini Mkataba wa Mawingu ulikuwa na kifungu kimoja kilichojulikana na kila mtoto wa mlimani. Wingu lililohama bila kuandikwa siku hiyohiyo huhesabiwa kuwa limeibwa au kuuzwa, na kijiji kilicholiachia hupoteza zamu zake zote hadi masika. Kifungu kilitungwa kuwabana wenye mashamba makubwa ya tambarare waliokuwa wakinunua mawingu kwa mlango wa nyuma. Hakuna aliyekitunga akiwaza maiti na turubai. Kutoka mwezi wa saba hadi masika ni miezi minane. Migomba haisubiri miezi minane, wala ng'ombe wa ndani, wala matangi ya nyumba mia tatu na arobaini. Nyumba mojawapo ilikuwa ya kaka yake. Nyingine ilikuwa ya mama yake Taramo.

"Dada Aika." Redio tena. Sauti ya Taramo ilikuwa imebadilika, imetulia mno. "Nimeshafunga kamba kwenye nguzo ya kituo. Nashuka kuchimba."

"Hapana."

"Dakika saba zinatosha. Napiga picha, unapata nyekundu yako, hakuna anayegusa Daftari."

"Taramo, lile tabaka halibebi hata lililopo juu yake sasa. Utalikata kwa koleo?"

"Jua bado halijaingia. Bado imeganda."

"Bado imeganda, ndiyo, na wewe una kilo tisini na koleo. Nitakuja mimi."

"Kutoka hapo mpaka huku ni dakika arobaini. Acha maneno ya kunifariji." Alisikika akikaza kamba. "Dada, mimi ni mmoja. Mke wangu anaijua kazi yangu, alikubali kuolewa nami na kamba yangu. Kule kijijini kuna watu wangapi? Ukiandika, unawaua polepole, na watakuwa wanatuangalia sisi wawili tukipita njiani. Bora nusu shari."

Aikande alisimama. Kutoka dirishani alimwona, doa jekundu ukingoni mwa Bakuli, na kamba nyembamba nyuma yake. Kando yake kulikuwa na madoa ya rangi rangi, wale mama wa Tanga, wakiwa wamejipanga kumtazama kama watu waliolipa kiingilio.

Aliogopa. Na ndani ya woga huo kulikuwa na kitu kibaya zaidi, nacho ni unafuu. Maana kama angekaa kimya tu dakika saba, pengine kila kitu kingekwisha vizuri. Picha ingekuja. Rangi ingegeuka. Bakuli lingemwagika likiwa tupu au lisingemwagika kabisa, Lyaseni ingepata mvua yake Jumanne ijayo, na yeye na Taramo wangecheka juu ya jambo hili uzeeni. Asingelazimika kufanya lolote. Taramo ndiye aliyejitolea. Hakutumwa na mtu. Jinsi lilivyokuwa jepesi wazo hilo ndivyo alivyojua kwamba halifai.

Kwa sababu lile wingu la Jumanne aliliachia yeye. Hakumwambia mtu, akajiona mwema, na sasa alikuwa tayari mtu mwingine aende na koleo kulipia ukimya uleule kwa mara ya pili. Kijiji kilichonyimwa mawingu kinaweza kulia, kushitaki, kubeba ndoo, kuuza ng'ombe, kumtukana yeye hadi kaburini. Mtu aliyefunikwa na Bakuli hawezi hata moja kati ya hayo.

"Taramo, toka hapo. Naandika."

"Usiandike!"

"Naandika sasa hivi. Rudi kituoni, viti vitageuka."

"Dada Aika, nakuomba. Mama yangu..."

Alikuwa ameshafungua Daftari. Jumanne, saa kumi na mbili hadi sita mchana, wingu la Lyaseni, sentimita ishirini, Bakuli. Mizani iliuliza: nani aliruhusu? Akaandika jina lake kamili, na la baba yake. Jumatano, saa kumi na mbili hadi sita mchana. Mizani iliuliza tena swali lilelile.

Kwa Jumatano asingeweza kujiandika. Mizani ilijua hakuwa zamu. Alibonyeza redio. "Linaulizwa jina la Jumatano."

Upepo ulivuma kwenye redio muda mrefu. Doa jekundu halikusogea wala juu wala chini.

"Ukishaandika la kwako, usiniache nje," alisema Taramo. "Watasema nilijificha kwenye sketi yako. Niandike."

Akamwandika.

*

King'ora cha Kishoka kina sauti ya ng'ombe aliyetenganishwa na ndama. Kililia saa mbili na dakika hamsini na tisa, na viti vikaanza kurudi nyuma. Kabla hakijanyamaza, ujumbe ulikuwa umeshaingia kutoka Ofisi ya Mawingu, mistari minne yenye adabu, hakuna mtu aliyeusoma kabla ya kuutuma. Zamu za kijiji cha Lyaseni zimesitishwa kuanzia saa sita mchana leo hadi tarehe ya kwanza ya masika. Rufaa itasikilizwa ndani ya siku tisini. Leseni za wahusika wawili zimezuiliwa. Tunashukuru kwa ushirikiano wenu.

Wale mama kumi na mmoja walifika chini wakiwa wawili wawili kwenye viti, skii zikiwa mapajani kama fimbo za kuazima. Kiongozi wao, Bi Mwantumu Shekue, alikuja moja kwa moja hadi kwenye kibanda cha vipimo akiwa na helmeti kichwani, akagonga kioo.

"Mwanangu, wewe ndiye uliyetufungia?"

"Ndiye mimi, mama. Samahani."

"Sie tumekaa miaka minne twachanga, twajifunza kwenye zulia la plastiki pale Tanga, watoto wa mtaani watucheka. Tumefika juu, twaambiwa shukeni. Haya, tumeshuka. Mbona theluji yenyewe iko palepale?"

"Ni ya hatari, mama."

Bi Mwantumu aligeuka, akaliangalia Bakuli kwa jicho la mtu aliyekaa wodini miaka thelathini na kuzoea kusikia visingizio. "Naiona imetulia," alisema, akaenda zake kutafuta supu.

Jua liliingia Bakulini saa tatu na dakika kumi na sita. Liligusa ukingo wa kushoto kwanza, kisha likateremka taratibu, na theluji yote ikawaka. Aikande alishika ukingo wa meza. Saa tatu na nusu hakuna kitu. Saa nne kipande kidogo kilidondoka mwambani, kikabingirika kama mpira na kusimama. Saa nne na nusu Bi Tunu aliingia na blanketi lake, akasimama karibu naye, akaangalia juu, akatoka. Alikuwa ameshayasoma masahihisho ya Daftari.

Hatimaye Aikande alipiga simu kijijini. Ilipokelewa kabla haijaita mara mbili.

"Tumepata ujumbe," alisema Elinaike. "Mwenyekiti ameusoma mara tatu. Watu wamekusanyika hapa uwanjani, turubai la msiba hatujalishusha bado. Wanauliza ni nani aliyeandika. Nimesema sijui."

"Ni mimi, wifi."

"Najua ni wewe. Nani mwingine?" Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo lilimuumiza Aikande kuliko hasira. "Kulikuwa na watu?"

"Kumi na mmoja. Na Taramo alikuwa anashuka na koleo."

"Taramo! Mama yake yuko hapa, amekaa mbele yangu." Akashusha sauti. "Basi ulifanya la kufanya. Nitawaambia hivyo. Nitawaambia Bakuli lilishuka, na kama si wewe tungekuwa tunazika watu kumi na wawili. Wataelewa. Watatukana, lakini wataelewa. Lilishuka saa ngapi?"

Aikande aliangalia juu. Jua lilikuwa limejaza Bakuli hadi kitakoni. Hakukuwa na ufa, wala mkunjo, wala alama. Saba kwa kumi alizisoma kwa macho yake. Sasa alikuwa anaziangalia zile tatu.

"Halijashuka," alisema.

Kijijini mtu alikuwa anabishana, na ng'ombe alilia, na mtoto akaambiwa anyamaze.

"Halijashuka," alirudia Elinaike. "Wanaliona na kutoka huku, wifi. Liko wazi kabisa leo."

"Linaweza kushuka bado. Mpaka saa sita."

"Basi omba lishuke," alisema Elinaike. "La sivyo sijui nitawaambia nini hawa watu." Akakata.

Mlango ulifunguliwa. Taramo aliingia na kamba begani, uso umebabuka kwa jua na baridi. Hakumsalimu. Aliitundika kamba, akavua glavu moja, akasahau kuvua ya pili, akaja kusimama dirishani upande wa pili wa meza, mbali naye kadiri kibanda kilivyoruhusu. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na dakika ishirini.

Miaka kumi na sita Aikande alikuwa ameusimamia mlima huu akiuomba utulie. Alijaribu kulitafuta ombi hilo sasa, hakulipata. Walisimama pale wawili, wakiliangalia Bakuli jeupe lisilo na mtu chini yake, na kila mmoja kwa siri alikuwa analiombea lianguke.